Kupata herufi jirani ndani ya stringi ya Python

Ukiwa kwenye nafasi `i` ya stringi (mfuatano wa herufi) `s`, jirani wa kushoto ni `s[i-1]` na wa kulia ni `s[i+1]`. Hapo hapana ugumu. Kazi iko mwanzoni na mwishoni mwa stringi, kwa sababu Python haizitendei ncha hizo mbili sawasawa.

Chukua `neno = "kalamu"`: herufi 6, nafasi 0 hadi 5. Ukitaka jirani wa kulia wa "u", yaani `neno[6]`, programu inasimama na kukuandikia `IndexError: string index out of range`. Afadhali hivyo, maana unaona ulipokosea. Lakini ukitaka jirani wa kushoto wa "k", `neno[0-1]` inakuwa `neno[-1]`, na namba hasi kwa Python maana yake ni kuhesabu kutoka mwisho. Unapewa "u", kimyakimya. Kosa la aina hii ndilo la kuogopa.

Dawa ni kukata kipande badala ya kuchukua herufi moja moja. Kipande kikipita mwisho, Python hukupa kilichopo, au stringi tupu. Hapa `k` ni idadi ya majirani unaotaka kila upande:

```python
def majirani(s, i, k=1):
    kushoto = s[max(0, i-k):i]
    kulia = s[i+1:i+1+k]
    return kushoto, kulia

for i, h in enumerate(neno):
    if h == "a":
        print(i, majirani(neno, i))
```

Matokeo:

```
1 ('k', 'l')
3 ('l', 'm')
```

Hiyo `max(0, i-k)` usiiondoe. Bila hiyo, `i` ikiwa 1 na `k` ikiwa 2, kipande kinakuwa `s[-1:1]`, ambacho ni tupu, na herufi "k" iliyokuwa hapo kushoto inapotea.

Wengi hutafuta nafasi kwa `find`. Angalia mambo mawili. Kwanza, hurudisha nafasi ya mwanzo tu, kwa hiyo "a" ya pili hutaiona. Ndiyo maana hapo juu tumetumia `enumerate`, inayopitia kila herufi pamoja na nafasi yake. Pili, isipopata kitu hurudisha -1. Tafuta "z" ndani ya "kalamu", jibu lake liite `p`, kisha omba majirani kwa `p-1` na `p+1`: utajibiwa "m" na "k", majirani wa herufi ambayo haimo kabisa! Kagua kwanza kama `p` ni -1, au tumia `index`, ambayo hutoa `ValueError`.

Kama unachotaka ni jozi za herufi zinazofuatana, achana na namba za nafasi:

```python
for a, b in zip(neno, neno[1:]):
    print(a, b)
```

Herufi 6 hutoa jozi 5, na `zip` husimama yenyewe. Kuanzia Python 3.10 unaweza kutumia `itertools.pairwise(neno)`. Kwa kuhesabu herufi zilizojirudia bega kwa bega, linganisha `a == b` katika kila jozi. Usitegemee `count`, kwani hairudii herufi iliyokwisha kuihesabu: `"aaaa".count("aa")` ni 2, wakati jozi zenyewe ni 3.

Maandishi yenye alama juu ya herufi yapitishe kwanza kwenye `unicodedata.normalize("NFC", s)`. "é" inaweza kuwa imehifadhiwa kama "e" na alama yake kando, na hapo jirani wa kulia wa "e" atakuwa ni alama hiyo.