SOMO: Kuangalia Mwezi na sayari ukiwa nyumbani (soma yote kabla hujauliza)

Wakuu, kila wiki napata ujumbe uleule: "Nimenunua darubini, mbona sioni kitu?" Naandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamrudisha kwenye uzi huu.

Mfano wangu ni ile darubini ndogo ambayo wengi mnayo, lenzi ya mbele milimita 70, urefu wa fokasi milimita 700. Yako ikiwa tofauti, badilisha hesabu.

1. Funga tripodi. Usivute miguu yote mpaka mwisho, ikiwa mirefu inatikisika.

2. Weka lenzi ya jicho yenye namba KUBWA, ile ya 25. Gawanya 700 kwa 25, unapata ukuzaji wa mara 28, na Mwezi mzima unaingia na nafasi inabaki. Boksi linasema mara 525? Ni lenzi ya 4 ikiongezewa kile kirefusho cha mara 3. Kwa hesabu ni kweli, kwa jicho ni ukungu. Kikomo cha darubini hii ni kama 140, tena siku hewa imetulia.

3. Linganisha kidarubini cha kulengea, MCHANA. Hapa ndipo darubini nyingi zinapoishia juu ya kabati. Darubini kubwa inaona kipande kidogo sana cha anga. Kidogo kile cha ubavuni ndicho kinachokuonyesha pa kuelekeza, na kama viwili hivyo havitazami mahali pamoja, utapapasa usiku kucha. Tafuta kitu kilicho mbali, ncha ya mnara wa simu inafaa sana, kiwe kilomita moja au zaidi. Ukilenga ukuta wa jirani, usiku vitaachana. Kiweke katikati ya darubini kubwa kwanza, kaza, kisha zungusha skrubu za kidogo mpaka alama ya msalaba ikae juu ya ncha ileile. Badilisha uweke lenzi ya 10, rudia. Usiku hakikisha tena kwa nyota yoyote kali, maana kukibeba tu kwa mkono kunatosha kukipotosha.

Sasa onyo, kwa sababu ni mchana. Chagua mnara ulio upande wa pili kabisa na Jua. Usiipitishe darubini karibu na Jua hata kwa bahati mbaya, jicho linaungua bila kuuma. Ukienda ndani kunywa maji, rudisha vifuniko vyote viwili, watoto wapo. Na kama ndani ya boksi mlikuwa na kioo cheusi cha "kutazamia Jua" kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho, kivunje ukitupe. Kinakaa pale joto lote linapokusanyika, kinaweza kupasuka ghafla, na nyuma yake kuna jicho lako.

4. Toa darubini nje nusu saa kabla. Usitazame kwa juu ya mabati ya jirani saa moja jioni, yanatoa joto na sayari itachezacheza. Subiri saa tatu, nne. Kutazama kupitia dirishani, achana nako.

5. Anza na Mwezi, lakini usingoje uwe mpevu. Mpevu unaangaziwa usoni, vivuli vinapotea, unaona sahani nyeupe tu. Siku nzuri ni tano hadi tisa tangu uandame. Tembea kwenye mpaka wa mwanga na giza, hapo kila shimo lina kivuli na vilele vya milima vinawaka peke yake gizani. Ukifika siku ya tisa hivi, mtafute Copernicus, shimo la upana wa kilomita 93. Rudi kesho yake uone kivuli kilivyosogea.

6. Sayari. Pakua Stellarium, programu ya ramani ya anga, ni bure, itakuambia ipi ipo wapi usiku huo. Mshtarii: utaona mistari miwili na vinukta vinne ubavuni, yaani miezi yake Io, Europa, Ganymede na Callisto. Ukikosa kimoja, kimejificha mbele au nyuma yake. Zohali: pete zinaonekana kuanzia mara 30 hivi, weka lenzi ya 10 upate mara 70. Zilitugeukia ubavu Machi 2025, kwa hiyo wanaoanza sasa wanaziona nyembamba, zinaendelea kufunguka mpaka miaka ya 2030 mwanzoni. Kwa mara 70 sayari inavuka na kutoka kwa kama dakika tatu. Dunia inazunguka, darubini yako ni nzima.

Nimemaliza. Maswali.

Dogo_Mbagala: Mkuu mimi naona giza tupu. Hii darubini feki.

Mwandishi: Ulilinganisha mchana kama hatua ya 3?

Dogo_Mbagala: Sijasoma yote, ndefu.

Mwandishi: Isome.

BintiPwani: Kaka samahani, jana jioni nimelenga ile nyota kali ya magharibi, nikakuta kimwezi kidogo kilichokatika nusu. Nimefuta lenzi, hakibadiliki. Imeharibika?

Mwandishi: Haijaharibika dada, na kuanzia leo acha kufuta lenzi, utaikwaruza. Umeiona Zuhura. Inazunguka Jua kwa ndani yetu, kwa hiyo tunaona upande wake wa mwanga kwa vipande, kama Mwezi. Kadiri inavyotukaribia inakuwa kubwa zaidi na nyembamba zaidi. Galileo aliliona jambo hili mwaka 1610, likawa ushahidi mzito kwamba Zuhura inalizunguka Jua. Itazame Jua likishazama lakini anga bado lina mwanga kidogo, haitakuumiza jicho kwa ukali. Sura yake hutaiona, ni mawingu matupu. Chora umbo lake kila wiki, halafu utuletee michoro hapa.

BabaKulwa: Bendera ya Marekani inaonekana mwezini?

Mwandishi: Haionekani. Darubini ya milimita 70 inatenganisha vitu vya kilomita tatu hivi kwa umbali ule. Bendera ina mita moja na nusu. Hata Hubble, ile darubini iliyo angani, haiwezi.

BabaKulwa: Au hawakwenda.

Mwandishi: Uzi huu ni wa kutazama. Wa kubishana upo kwingine.

Msafiri_wa_Nyanza: Sina darubini ya tripodi, nina ile ya macho mawili ya kuangalizia wanyama, imeandikwa 10x50. Niache?

Mwandishi: Usiiache hata kidogo! Egemea ukuta au iweke juu ya mgongo wa kiti, vile vinukta vya Mshtarii utaviona. Mwezi utaupenda zaidi kuliko sisi, unatumia macho yote mawili. Pete za Zohali ndizo hutazipata.

BintiPwani: Na hilali ya Ramadhani, inafaa kuitafuta kwa darubini?

Mwandishi: Kuitafuta inasaidia sana, huku kwetu inalala chali kama mashua. Ila ngoja Jua lizame LOTE ndipo uguse darubini. Kama inakubalika kisheria, waulize masheikh.

Fundi_Redio: Nyongeza: Zohali ikiwa karibu na utosi, mrija unagonga miguu ya tripodi. Msubirini ashuke, au mtazame kabla hajapanda. Na upepo wa kusi ukivuma, ning'inizeni dumu la maji la lita tano katikati ya tripodi.

Mwandishi: Dumu liguse chini kidogo, likibembea ni balaa jingine.

Msafiri_wa_Nyanza: Mimi yangu huwa naifukia kwenye mchele isipate unyevu.

Mwandishi: Toa leo. Vumbi la mchele litaingia kwenye lenzi. Kusanya vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye boksi la viatu, weka kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na darubini. Ila ikitoka nje na umande, iache ikauke kwanza mezani ndipo uifunike, la sivyo kuvu wanaota ndani ya kioo.