Somo: Kuhamisha faili za zamani za Word na Excel kwenda Linux bila kuziharibu

Wakuu, tangu Microsoft isitishe huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi zenye kompyuta zisizokubali Windows 11 zinaikimbilia Linux. Mashine inafufuka vizuri, ila barua ya zamani ikifunguliwa, jedwali limekatika katikati na sahihi ya mwenyekiti imeangukia ukurasa wa pili peke yake. Lawama zote anatupiwa LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika kwenye Linux badala ya Word na Excel. Mara nyingi tatizo ni fonti (aina ya herufi), na dawa yake ipo.

Hatua ya 1. Nakili folda nzima kwenye diski ya nje, iite "asili", na usiiguse tena. Kazi yote ifanyike kwenye nakala.

Hatua ya 2. Weka fonti kabla ya kubadilisha chochote. Calibri na Cambria, zilizoenea tangu Office 2007, hazimo kwenye Linux. Carlito ina herufi zenye upana uleule wa Calibri, na Caladea ule wa Cambria, kwa hiyo mistari inakatika palepale ilipokuwa ikikatika. Kwenye Linux ya Mint au Ubuntu fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike:

`sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea`

Times New Roman na Arial zinabebwa na Liberation Serif na Liberation Sans. Sasa fungua tena ile barua iliyovurugika. Kama imekaa sawa, tatizo lilikuwa fonti tu.

Hatua ya 3. Chambua. Mihtasari ya vikao na barua zilizokwisha kutumwa hazitahaririwa tena: zigeuze PDF. Zinazoendelea kutumika, kama fomu na daftari la michango, ndizo za kugeuza odt (maandishi) au ods (majedwali), aina za faili za LibreOffice.

Hatua ya 4. Funga LibreOffice kabisa, maana ikiwa wazi amri hii inaweza kumaliza bila kutoa faili hata moja. Ukiwa ndani ya folda ya nakala:

`soffice --headless --convert-to odt --outdir mpya *.doc`

Kwa Excel weka `ods` na `*.xls`, kwa PDF weka `pdf`. Hapa pana mitego miwili. Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo BARUA.DOC itarukwa mpaka urudie amri kwa `*.DOC`. Pia ukiwa na barua.doc na barua.docx, zote zitatoka kama barua.odt na moja itaifuta nyingine. Faili za docx zipe folda yake.

Hatua ya 5. Hesabu faili zilizoingia na zilizotoka. Kwenye daftari za fedha, linganisha jumla ya kila karatasi na ya asili. Hatua hii msiiruke, ni pesa za watu.

Maswali ya wanachama

*Asante kwa somo, mkuu. Faili zangu za mishahara zina nywila, amri inazikataa.*

Amri haina mahali pa kukuuliza nywila. Zifungue moja moja kwa mkono, andika nywila, kisha hifadhi kama ods na uweke nywila upya.

*Halmashauri wanataka Word. Nikiwapelekea odt si watanirudishia?*

Usiwapelekee odt. Baki na odt yako, kisha tumia "hifadhi kama" utoe docx. Kama ni ya kusoma na kugonga muhuri tu, peleka PDF. Hiyo haibadiliki sura popote.

*Daftari langu la Excel lina makro (amri zinazojiendesha) za kukokotoa riba. Zitafanya kazi?*

Baadhi zitafanya, nyingine zitagoma. Riba ya kawaida iandike upya kwa fomula za seli. Ni salama zaidi, na hata atakayekuja baada yako ataisoma.

*Sisi orodha ya wanachama iko kwenye Access (programu ya hifadhidata ya Microsoft), faili ya mdb.*

Sakinisha mdbtools, programu ya kusoma faili za Access. `mdb-tables saccos.mdb` itakuonyesha majina ya majedwali, kisha:

`mdb-export saccos.mdb Wanachama > wanachama.csv`

Data itatoka, fomu na ripoti hazitatoka. Unapofungua csv hiyo, LibreOffice itakuletea dirisha la kuingiza: bofya safu ya namba za simu, uchague aina ya maandishi. Usipofanya hivyo, 0754 inageuka 754, na ukishahifadhi sifuri zimekwenda.