Somo: Kuharakisha SELinux kwenye seva, pima heshi kwanza ndo uguse keshi

Mwangaluka wadau. Kuna kitu kimenisumbua karibu mwezi mzima hapa ofisini Kirumba, nimekimaliza juzi, nikaona nikiandike vizuri maana najua wengi mnaendesha seva zenye kontena nyingi (programu zilizofungiwa kila moja peke yake ndani ya seva) na mkiona zimekuwa nzito mnakimbilia kuzima SELinux, yani ule ulinzi wa ndani ya Linux unaoamua programu ipi iguse nini. Msizime jamani, kuna namna.

Sisi tuna seva ya oda za dagaa na samaki wakavu, kila mteja wa pale soko la Mwaloni ana kontena lake kwenye seva. Jioni malori yakianza kupakia oda zinamiminika afu kila kitu kinakuwa kizito, CPU inapanda na ukiangalia ni kerneli (kiini cha Linux) yenyewe ndo inahangaika, sio programu zetu.

Kabla ya kamandi tuelewane kidogo. Kila programu ikitaka kufungua faili au soketi, kerneli inaiuliza SELinux, huyu aruhusiwe au la. Chukulia mlinzi wa geti mwenye daftari mbili. Daftari kubwa ni sera yenyewe, sheria zinaweza kufika laki na zaidi, na kwenye kodi inaitwa avtab. Kijidaftari cha mfukoni ni AVC, ni keshi ya majibu aliyoshawahi kuyatoa. Zote mbili ni jedwali la heshi: unachukua funguo (nani anaomba, anaomba kwa nani, kitu cha aina gani), unaikoroga inakuwa namba, namba inakwambia uende ndoo ipi, na waliogongana ndoo moja wanapangwa mnyororo unawapitia mmoja mmoja.

Jibu likikosekana mfukoni ndo gharama inapoanza, maana daftari kubwa haliangaliwi mara moja tu. SELinux inampa kila muombaji na muombwaji lebo inayoitwa aina, aina moja inaweza kuwa ndani ya makundi mengi na sheria nyingi zimeandikwa kwa kundi, kwa hiyo kerneli inapitia kila kundi la muombaji mara kila kundi la muombwaji. Makundi 20 kwa 15 hayo ni maulizo 300 kwenye avtab kwa kukosa kumoja tu!

Hatua ya 1. Hakikisha SELinux iko kazini kweli:

getenforce

Ikijibu Enforcing endelea.

Hatua ya 2. Angalia keshi inavyopata na inavyokosa, wakati mzigo upo, sio saa nane usiku seva imelala:

avcstat 5

Itakuletea mstari kila sekunde 5. Usihangaike na mstari wa kwanza, angalia kuanzia wa pili. Kuna lookups, hits, misses, allocs, reclaims, frees. Mi naangalia misses (maulizo yaliyokosa jibu kwenye keshi) na reclaims. Reclaims zikipanda mfululizo maana yake keshi imejaa na inatupa majibu ya zamani kupisha mapya, afu dakika ijayo yanahitajika yaleyale iliyoyatupa. Kwetu jioni ndo ilikuwa hivyo. Sababu ni kontena, kila moja linapewa jozi yake ya kategoria (lebo za namba) ili lisiguse vitu vya mwenzake, kwa hiyo kwa AVC kila kontena ni mgeni mpya hata kama yote yanaendesha programu ileile.

Hatua ya 3. Hii watu wengi wanairuka na ndo kiini cha somo:

cat /sys/fs/selinux/avc/hash_stats

Utapata mistari mitatu: entries (vilivyomo), buckets used (ndoo zenye kitu, kati ya 512), na longest chain (mnyororo mrefu kuliko yote). Sasa utajuaje kama ni nzuri au mbaya? Heshi nzuri inatupa vitu kama bahati nasibu, na bahati nasibu haijazi kila ndoo. Ukitupa vitu 512 kwenye ndoo 512 kama asilimia 37 zitabaki tupu, yani unategemea ndoo 324 hivi zenye kitu. Hesabu yenyewe ni ndoo mara (1 toa e kwa kipeo cha hasi vitu gawanya kwa ndoo). Ukiwa na vitu 512 afu zilizotumika ni 150, hapo heshi haikorogi vizuri. Ukikuta 320, iko sawa, tatizo lako ni nafasi.

Nakazia hapa kwa sababu nimeona watu wanaongeza tu ukubwa. Chukua stoo ya vyumba 100 pale Mwaloni, umeamua kila gunia liende chumba chenye tarakimu zake mbili za mwisho. Boti moja ikija na magunia ambayo namba zake zote zinaishia 00, 20, 40, 60 na 80, vyumba vitano vitafurika na 95 vitabaki vitupu. Ukijenga vyumba vingine mia umepata nini?

Na hii sio mfano wa kutunga tu, avtab yenyewe ilikuwa na ugonjwa huo miaka mingi. Fomula ya zamani ilikuwa hivi (chanzo ni anayeomba, lengwa ni anayeombwa, darasa ni kitu cha aina gani):

(darasa + (lengwa << 2) + (chanzo << 9)) & 2047

Iangalie taratibu. 2047 inabakiza biti 11 tu za chini. Chanzo kimesogezwa biti 9, kwa hiyo kinachobaki ndani ni biti zake 2, yani vyanzo vyote vya sera, hata viwe elfu kadhaa, vinaonekana vinne tu! Chanzo 3, 7, 11 na 2003 kwa fomula hii ni mtu mmoja. Afu darasa na lengwa zinapandiana: lengwa 10 darasa 5 ni 45, lengwa 11 darasa 1 ni 45 pia. Mwaka 2015, kwenye Linux 4.1, wakaibadilisha wakaweka ukorogaji wa MurmurHash3, unazidisha kwa namba kubwa, unazungusha biti, unafanya XOR, kwa hiyo kila biti ya funguo inagusa jibu lote. Na kikomo cha ndoo kikapanda toka 2048 hadi 65536. Vyote viwili vilihitajika. Kuongeza ndoo peke yake kungebakiza biti nyingi zaidi za chanzo, sawa, ila kugongana kwa darasa na lengwa kungebaki palepale.

Ukitaka kujaribu fomula yako mwenyewe, Python inatosha:

from collections import Counter
c = Counter((d + (l << 2) + (s << 9)) & 2047 for s, l, d in funguo)
print(len(c), max(c.values()))

Jaza funguo kwa data inayofanana na ya kweli, sio namba za random, maana random itaipa sifa hata fomula mbovu.

Hatua ya 4. Kama mtawanyiko uko sawa na reclaims zinapanda, ongeza kikomo cha keshi. Kawaida ni 512:

echo 2048 | sudo tee /sys/fs/selinux/avc/cache_threshold

Rudi hatua ya 2 na ya 3. Kumbuka ndoo zinabaki 512, umeongeza vitu sio ndoo, kwa hiyo minyororo itarefuka kidogo. Bado inalipa, kupita mnyororo wa vitu vinne vitano ni rahisi mno kuliko maulizo 300. Panda kwa hatua, 1024, 2048, 4096, reclaims zikitulia simama hapohapo. Mashine ikizima na kuwaka inarudi 512, kwa hiyo weka kwenye service ndogo ya kuwakia, afu hakikisha kwa cat kwamba namba imekaa kweli.

MASWALI

Mdau wa Nyegezi: Dada asante kwa somo. Mi huwa naweka setenforce 0 jioni mzigo ukizidi, si inasaidia?

Haisaidii mdogo wangu. Hiyo setenforce 0 inaiweka SELinux kwenye Permissive, na Permissive bado inauliza kila kitu, inapekua daftari zilezile, tofauti ni kwamba haikatazi, inaandika tu logi ya vitu ambavyo ingekataza. Umepoteza ulinzi na kasi hujapata.

Mdau wa Musoma: Mkuu mi nimeandika sudo echo 2048 > hiyo faili inaniambia permission denied, na mi ni admini kabisa.

Hapo sudo imeenda kwa echo, ila alama ya > inafanywa na shell yako ya kawaida ambayo sio root. Ndo maana nimetumia tee.

Mdau wa Nansio: Seva yangu ina RAM ya GB 2 tu, nikiweka 4096 si itakula memori yote?

Hapana kaka. Kila kitu kwenye AVC ni chini ya baiti 100, kwa hiyo 4096 ni kama KB 400. Usiogope kabisa.

Mdau wa Igoma: Mi nina entries 2000, buckets used 500/512, longest chain 11. Hiyo 11 imenitisha, nipunguze?

Usipunguze. Una vitu karibu vinne kwa kila ndoo, kwa hesabu ya hatua ya 3 ndoo zilizotumika zilitakiwa ziwe 501 hivi, wewe una 500. Na kwenye mtawanyiko mzuri wa hivyo lazima kuwe na ndoo moja mbili zenye bahati mbaya, 11 ni ya kawaida kabisa. Ungeniambia 40 ningeshtuka. Nitumie avcstat yako ya jioni, hasa safu ya reclaims, afu tuone.

Mdau wa Igoma: Reclaims ni 0 mistari yote, misses 3 au 4.

Basi SELinux yako haina tatizo, uzito unatoka kwingine. Anza na diski, endesha iostat -x 5 uangalie r_await na w_await (muda wa kusubiri diski isome na iandike).