Namna ya kuandaa ushauri wa kisayansi ambao wizara itaweza kuufanyia kazi

Mwaka 2006 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Pemba kwa watoto wadogo zaidi ya 24,000. Zama hizo malaria ilikuwa imetamalaki kisiwani, na ushauri uliokuwa ukifuatwa duniani ni kwamba watoto wa sehemu kama zetu wapewe madini ya chuma wote, bila ya kupimwa damu kwanza. Matokeo yakashitua watu: waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kulazwa au kufariki kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Shirika la Afya Duniani likayarejea maelekezo yake.

Mimi ni mzaliwa wa Wete, hukohuko Pemba, na vijana wanaokuja kwangu kujifunza kuandika ushauri kwa serikali huwaanzishia hapo. Nataka waone kwamba kati ya jedwali la matokeo na agizo linalofika kituo cha afya kuna kazi nyengine nzima. Lazima wawepo watu wa kusoma kila kilichoandikwa, kupima kipi kina nguvu na kipi hakina, kisha kusema serikali ifanye nini na kwa nini. Hiyo ndiyo kazi ya akademia za sayansi. Nimeifanya muda mrefu nikiwa mwandishi wa majopo, zaidi katika mambo ya bahari, na hapa naeleza inavyofanywa ili nawe uifanye, hata kama mko watafiti wanne tu katika idara.

Akademia uiendee kwa lipi

Akademia ya taifa ni chombo cha wanasayansi waliochaguliwa na wenzao kwa kazi walizozifanya. Royal Society ya London ilianzishwa mwaka 1660. Ile ya Marekani iliundwa kwa sheria aliyoisaini Abraham Lincoln tarehe 3 Machi 1863, na sheria hiyo iliitaka ichunguze jambo lolote la sayansi itakaloulizwa na idara ya serikali, gharama zilipwe, lakini akademia yenyewe isilipwe ujira kwa kazi hiyo. Za Afrika zina mtandao wao, NASAC, ulioanza mwaka 2001 na wenye makao Nairobi. Tanzania nayo imo.

Hazifanani. Ya China inaendesha taasisi zake za utafiti zaidi ya mia moja. Royal Society inatoa fedha kwa watafiti. Nyingi za kwetu Afrika zina ofisi ndogo na orodha ya majina mazito. Kwa hiyo fedha za mradi kazitafute kwengine, kwa mfano Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Utafiti ni jambo la Muungano, na Mzanzibari ana haki ya kuomba kama mwengine yeyote. Akademia iendee kwa yale ambayo pesa hazinunui: mtu mzima wa fani yako akusomee andiko kabla hujaliwasilisha, akutambulishe kwa mtafiti wa nchi nyengine, akuweke kwenye jopo ukiwa bado kijana ili uone wakubwa wanavyobishana bila ya kugombana. Msaada huo kwa utafiti nauthamini kuliko tuzo na medali.

Swali, kabla ya kitu chochote

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Ushauri unaotupwa kabatini mara nyingi umeharibika tangu siku swali lilipoandikwa.

Chukua mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, baada ya miaka ya utafiti ambao Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Wakulima wengi ni wanawake. Wanalima aina mbili: spinosamu, ambayo inastahimili, na kotoni, ambayo bei yake ni nzuri zaidi. Maji ya pwani yakipanda joto kotoni haivumilii. Tawi linapauka, linakuwa jeupe na laini, linakatika. Mwenye shamba akirudi bamvua jengine, maji yanapokupwa sana, anakuta kamba na taitai, zile nyuzi za kufungia mwani, tupu.

Sasa wizara inaandika barua: "Tunaomba ushauri kuhusu kufa kwa mwani." Ukilipokea swali hilo kama lilivyo, jopo litakuletea kitabu kizima cha joto, chumvi, bakteria na upepo wa kaskazi. Kila ukurasa utakuwa wa kweli, na hakuna waziri atakayejua afanye nini Jumatatu asubuhi. Rudi wizarani ukae na mkurugenzi, umuulize mambo matatu. Nani ataamua? Lini? Ana njia zipi mkononi? Baada ya hapo swali litageuka, liwe kama hivi: "Katika miaka mitano ijayo, wizara iwasaidie wakulima wa kotoni kuhamia maji ya kina, au iwekeze kwenye mbegu bora, na kila njia itamgharimu nini mwanamke asiye na chombo na asiyejua kuogelea?"

Kipande hicho cha mwisho sikukitunga mimi. Tulikuwa tumekaa kwenye ukumbi wa skuli huko Paje, mtaalamu akieleza kwa ufasaha namna kamba zinavyofungwa kwenye maboya badala ya pegi, na bibi mmoja akanyanyua mkono. "Mwanangu, mwatwambia twende maji makubwa. Ngalawa ya nani?" Ukumbi ukanyamaza, kisha wenzake wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mtaalamu yule, na namheshimu kwa hilo, alichukua kalamu akaliandika palepale. Swali lile likaingia kwenye hadidu za rejea neno kwa neno.

Hadidu za rejea zisizidi ukurasa mmoja, na pande zote mbili zisaini kabla kazi haijaanza. Andika pia ambayo jopo halitayajibu. Sisi tuliandika wazi kwamba hatutasema kampuni gani inunue mwani, na mstari huo ulituokoa na simu nyingi.

Nani akae kwenye jopo

Watu kumi hivi wanatosha. Wasiwe wa fani moja: suala la mwani linamtaka mtu wa bahari, lakini pia mchumi, mwanasheria, na mtu anayejua maisha ya kijijini. Unguja unaweza kuwapata Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyopo tangu 1978, Chuo Kikuu cha Taifa, na taasisi ya serikali ya utafiti wa uvuvi, ZAFIRI. Mlete na mmoja kutoka nje ya visiwa, asiyemjua mtu, maana huyo ndiye atakayeuliza lile ambalo sote tunaona haya kuliuliza.

Halafu kila mmoja ajaze fomu ya maslahi: amepokea fedha kwa nani, ana hisa wapi, nani wa familia yake anaishi kwa biashara hiyo. Visiwa vyetu ni vidogo. Ukitaka mjumbe asiye na ami wala shemeji bandarini hutompata. Kuwa na jamaa hakumfukuzi mtu. Kinachotakiwa ni lisemwe mbele ya wote na liandikwe, kisha mwenyekiti aamue kama atakaa akipiga kura au ataitwa siku moja kama shahidi tu.

Mwenye kulipia gharama naye awekewe mpaka. Kuna mfadhili aliwahi kututaka tumpelekee rasimu "aisome kidogo" kabla ya wahakiki. Mwenyekiti wetu alimjibu kwa barua ya mistari mitatu, ya adabu kabisa, kwamba ripoti ataiona siku moja na umma. Fedha hazikukatwa. Mkikubali hilo mara moja tu, hakuna atakayewaamini tena, na akademia haina mtaji mwengine zaidi ya kuaminiwa.

Kukusanya na kupima ushahidi

Anzeni na yaliyochapishwa, kisha ingieni kwenye makabati. Ripoti nyingi nzuri za Zanzibar hazijawahi kuchapishwa popote. Ziko kwenye mafaili ya idara, na rekodi nyengine ziko kwenye madaftari ya mabwana samaki madikoni. Ombeni ruhusa kwa maandishi. Kama suala ni la afya na mnataka kukusanya taarifa mpya kwa watu, pitieni kwanza kamati ya maadili ya utafiti wa afya ya Zanzibar.

Kusikiliza wananchi kuna kalenda yake. Kikao cha wakulima wa mwani kiiteni wakati wa maji mafu, yasiyokupwa sana. Wakati wa bamvua maji yanakupwa sana, wanawake wako shamba, na mtakaoonana nao ni wanaume waliokaa barazani. Ijumaa iacheni. Pitieni kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, lakini mwombeni awapishe mnapozungumza na kina mama peke yao.

Baada ya hapo mpime. Kila hitimisho mliandikie kiwango cha uhakika, na maneno yawe na maana moja tangu mwanzo hadi mwisho. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, lina mtindo ninaoupenda: likisema jambo lina uwezekano mkubwa wa kuwa kweli, maana yake ni asilimia 66 au zaidi, na kuna daraja la juu yake linaloanzia 90. Nanyi wekeni daraja zenu kwenye ukurasa wa kwanza. Waziri akiambiwa "huenda" bila ya kipimo ataisoma anavyotaka yeye.

Wahakiki

Rasimu ikimalizika wapeni watu wa nje waisome, ambao jopo halijui ni nani. Katika akademia ya Marekani majina yao hutajwa ripoti inapochapishwa, si kabla. Usichague marafiki, mtafute yule ambaye mnajua fika kwamba hatakubaliana nanyi.

Kisha tengenezeni jedwali la safu tatu: maoni ya mhakiki, jibu la jopo, na ukurasa uliobadilika. Kila oni lijibiwe, hata la nukta na mkato. Mhakiki akiandika, "Mnasema wakulima wameacha kotoni kwa sababu ya joto, lakini mwaka huohuo bei ilishuka, mmetenganisha vipi?", hamuwezi kujibu "tumezingatia". Ama muoneshe mlivyotenganisha, ama mpunguze uhakika wa sentensi yenu. Nimeona sura nzima ikiandikwa upya kwa swali la aina hiyo, na ikawa bora mara mbili.

Kurasa mbili za wizara

Ripoti kamili itasomwa na wachache. Kitakachoingia kwenye mkutano ni muhtasari wa kurasa mbili, kwa Kiswahili, ambao sheha na mkulima pia wanaweza kuusoma. Sentensi ya kwanza iwe jibu la swali lililoulizwa. Historia ya mwani, shukrani na mbinu mlizotumia vikae nyuma au kwenye ripoti kubwa. Baada ya jibu orodhesha njia zilizopo, gharama ya kila moja, nani atafaidika na nani ataumia. Akademia inaeleza na kupendekeza. Kuamua ni kazi ya waliochaguliwa na wananchi, na muhtasari uoneshe mnaujua mpaka huo.

Pendekezo lisilopimika liondoeni. Mfano mzuri uko hapahapa Unguja, katika vita dhidi ya mbung'o. Madume yaliyozalishwa Tanga yalifanywa tasa kwa mnururisho, yaani kwa mionzi, yakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, na mitego ikawekwa kuhesabu mbung'o wa mwituni waliobaki. Wa mwisho alinaswa mwaka 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina tena mbung'o. Kila mtu alijua tangu mwanzo ushindi utaonekana wapi: kwenye mtego. Nanyi semeni mtego wenu uko wapi, nani ataukagua, na kila baada ya muda gani.

Kupeleka na kufuatilia

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na wizara zinapanga makadirio miezi kadhaa kabla. Muhtasari ukifika Juni, hata ukiwa mzuri vipi, unasubiri mwaka mzima. Upelekeni Disemba au Januari. Mkutane na Katibu Mkuu na wakurugenzi ana kwa ana kabla ya kutangaza, ili wasiyasikie mapendekezo redioni, kisha mtangaze kweli: ripoti yote, majina ya jopo, na fomu za maslahi.

Rudini na kijijini mlikosikiliza, tena kwa wakati wa maji mafu, na muhtasari uleule mliompa Katibu Mkuu. Yule bibi wa Paje ana haki ya kujua swali lake la ngalawa limejibiwaje.

Wizara ikikataa pendekezo msinune. Ombeni sababu kwa maandishi na muziweke kwenye faili pamoja na ripoti, maana jopo lijalo litazihitaji. Na kwenye ukurasa wa mwisho wa muhtasari andikeni mwezi na mwaka ambao ushauri huu unatakiwa kupitiwa upya, na ofisi itakayoitisha kikao hicho.