Jamu ya tini ya nyumbani, na kwa nini usiache ndimu

Tini za mlima wa Jabal Akhdar zimeanza kushuka soko la Nizwa, na safari hii nimebeba boksi zima. Sisi tuliokulia Unguja tini tulilijua kavu, la Ramadhani. Laini, lililotoka mtini siku hiyo hiyo, nimelionja nikiwa mtu mzima hapa Oman. Tini laini halina subira: likichumwa leo, kesho kutwa limeanza kuchacha. Dawa yake ni sufuria.

Jamu yangu ya kwanza niliipika bila ndimu. Niliona tunda tamu hivi la nini kulitia ukali? Haikushika, na baada ya wiki tatu ikaota ukungu, chupa zote nikazimwaga. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba tini lina uchachu mdogo sana. Pektini, ile gundi ya tunda inayoifanya jamu ishikane, haigandi mpaka ipate sukari na uchachu kwa pamoja. Tena uchachu huo ndio unaowazuia vijidudu wa hatari wasiote ndani ya chupa iliyofungwa. Kwa hiyo vipimo vingine mnaweza kunibishia, cha ndimu msikiguse.

Mahitaji: tini zilizoiva kilo 1, sukari gramu 700, maji ya limau au ndimu mililita 60 (vijiko vinne vya chakula), maji robo kikombe, iliki nne ukipenda. Utapata chupa nne za robo lita. Kama unataka kuziweka kabatini miezi kadhaa, tumia maji ya limau ya dukani, kwa sababu ukali wake haubadiliki. Ndimu za sokoni hazilingani.

Hatua ya 1. Osha tini na ukate vikonyo. Ule utomvu mweupe huwasha ngozi, na ukipigwa jua mkono ukiwa nao unaweza kuungua na kutoka malengelenge, basi vaa glavu au nawa mara moja. Maganda usimenye. Kata kila tunda vipande vinne. Lenye harufu ya siki litupe.

Hatua ya 2. Changanya tini na sukari kwenye bakuli, funika, uache saa mbili au usiku kucha ndani ya friji. Sukari itayavuta maji ya tunda yenyewe.

Hatua ya 3. Mimina kwenye sufuria ya chuma cha pua yenye kitako kizito. Sufuria ya alumini iache, ndimu huila na jamu ikapata ladha ya chuma. Tia maji, pika kwa moto mdogo hadi sukari iyeyuke kabisa. Ikichemka kabla haijayeyuka, jamu itakuja kufanya chembechembe.

Hatua ya 4. Tia maji ya limau na iliki iliyotwangwa, ongeza moto, koroga kwa mwiko ukifika chini kabisa. Hapa usiondoke, hata simu iache ilie. Mwanzoni povu huwa jepesi na hupanda juu. Baadaye mapovu huwa makubwa na mazito, na jamu huruka, kwa hiyo vaa mikono mirefu.

Hatua ya 5. Saa haitakwambia imeiva. Weka kisahani kwenye friza mapema, dondosha kijiko kimoja cha jamu, ngoja dakika moja, kisha isukume kwa kidole. Ikijikunja juu, epua. Ikitiririka, rudisha dakika tatu ujaribu tena.

Hatua ya 6. Jaza ikiwa ya moto kwenye chupa zilizochemshwa dakika 10, bakisha nafasi ndogo juu, futa mdomo, funga kwa kifuniko kipya. Chemsha tena chupa zilizofungwa, zimezama kwenye maji, dakika 10.

Maswali ya wanachama

Kutoka Njombe: Shikamoo dada. Nina kipimajoto, nimesoma jamu huiva kwenye 105. Yangu haikufika, ikaishia kuungua.

Marahaba mdogo wangu. Hiyo 105 ni ya pwani. Njombe iko juu, maji yenu huchemka kwenye 93 au 94. Pima maji yanayochemka kwanza, kisha ongeza 4 au 5. Kwako ni kama 98. Na chupa zilizofungwa zichemshe dakika 15.

Kutoka Mombasa: Huku tini laini hatupati. Kavu zafaa?

Zafaa sana. Loweka nusu kilo usiku kucha, pika na maji yake mpaka zilainike, ziponde, tia sukari gramu 250 na limau lile lile. Hiyo weka kwenye friji, uimalize ndani ya wiki tatu.

Kutoka Kitui: Na makuyu ya mkuyu wetu je?

Kuyu ni ndugu wa tini kweli, na huliwa. Lakini nyigu wadogo huingia ndani kutaga na kuchavusha, ukilipasua utawakuta. Badala yake chukua mapera. Yana pektini nyingi kuliko tini na huganda upesi.

Kutoka Unguja: Shoga, yangu imekuwa ngumu kama halua!

Umeipitisha moto. Irudishe sufuriani na maji ya moto, kijiko kimoja kimoja, moto mdogo, hadi ilegee. Ichemke kidogo, ujaze chupa, uiweke kwenye friji. Ikiwa imeshanuka kuungua, haifai tena.