Namna ya Kuuzuru Mji wa Pangani, Kisiwa cha Maziwe na Hifadhi ya Saadani

Anayepanga kwenda Pangani, mji mdogo wa kale ulioko kwenye mlango wa Mto Pangani, yapata kilomita 50 kusini mwa Tanga, aangalie kwanza umri wa mwezi, kisha ndipo atafute chumba. Karibu kila jambo linalofaa kuonwa hapa hutegemea kujaa na kupwa kwa maji. Siku za bamvua, yaani zile zinazofuata mwandamo na mwezi mpevu, bahari hupwa sana kwenye saa 4 asubuhi na kujaa sana kwenye saa 10 alasiri. Baada ya juma moja, wakati wa maji mafu, saa hizo hubadilishana na maji hayapandi wala kushuka kwa kiasi kikubwa. Kwa maoni yangu, bamvua ndiyo wakati bora wa safari hii, mradi mgeni alale usiku mbili au tatu.

Kuhusu majira, Januari na Februari bahari huwa tulivu na maji huwa maangavu. Kuanzia Juni hadi Oktoba nchi hukauka na wanyama huonekana kwa urahisi zaidi, ingawa upepo wa kusi huichafua bahari. Masika, kati ya Machi na Mei, ni afadhali kuyaepuka, kwa sababu udongo mweusi wa Saadani hunasa magari.

Ukitokea Tanga, simama Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale yaliyojengwa kwa matumbawe. Ni mahali padogo, na saa moja inatosha.

Mji wenyewe utembelewe kwa miguu, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Anzia Boma, lenye milango ya nakshi, kisha fuata mitaa ya nyumba za zamani za wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kihindi. Mahali ambapo lipu imebanduka, sogea uutazame ukuta kwa karibu: utaona vipande vya matumbawe vyenye vitundu vidogo kama sega la nyuki, vikiwa vimeshikanishwa kwa chokaa, na juu yake ncha za boriti za mikoko zilizobeba dari. Nyingi ya nyumba hizi zinaliwa na chumvi na mvua, nami naona uchungu kwamba mji wenye historia nzito namna hii hutazamwa na wasafiri wengi kama kituo cha kupita tu.

Ni hapa ambapo, mwezi wa Agosti 1888, Emil von Zelewski, wakala wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ambaye wenyeji walimwita Nyundo, alilazimisha bendera ya kampuni ipandishwe, na ile ya Sultani wa Zanzibar ikashushwa. Wenyeji walimzingira nyumbani mwake, na vita vilivyofuata vikaenea pwani nzima chini ya Abushiri bin Salim al-Harthi, mtu aliyekuwa na shamba la miwa karibu na mji. Wajerumani walimnyonga Abushiri hapahapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Tafuta mwongoza wageni mzaliwa wa mji akusimulie habari hizi huku mkitembea, na mkubaliane malipo kabla ya kuanza. Vaa nguo za heshima, waamkie wazee, na usipige picha ya mtu wala ya ua wa nyumba bila kuomba ruhusa.

Ng'ambo ya mto iko Bweni, na upande huohuo Kikogwe, ambako mkonge ulipandwa mwaka 1893. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyosalimika ilikuwa 62 tu, nayo ndiyo iliyozaa mashamba makubwa ya Tanga.

Alasiri ya siku ya bamvua, kodi mashua upande mto pamoja na maji yanayojaa. Mto huu huletwa na vijito vya Kilimanjaro na Meru, hupita bwawa la Nyumba ya Mungu, na hapa mwishoni huzungukwa na mikoko na minazi. Mamba wamo, kwa hiyo usioge wala kuning'iniza mikono majini.

Maziwe iachiwe asubuhi. Kisiwa hiki kilitangazwa kuwa eneo tengefu mwaka 1975, kikiwa bado na mivinje, na kasa wengi walikuwa wakitaga hapo. Miti yote ilitoweka kufikia miaka ya 1980, na sasa kimebaki fungu la mchanga ambalo maji ya bamvua hulifunika kabisa. Kwa hiyo ondoka mapema ili ufike kabla maji hayajapwa kabisa, ogelea juu ya matumbawe bila kuyakanyaga, na uwe umeondoka kabla ya alasiri. Hakuna kivuli wala maji ya kunywa. Beba vyote, pamoja na shati la mikono mirefu. Hakikisha mashua ina jaketi la kuokolea maisha kwa kila abiria, lipa ada ya hifadhi, na udai risiti. Mayai ya kasa yanayotagwa Maziwe huhamishiwa ufukwe wa Ushongo ili yasizamishwe, nayo huanguliwa baada ya takriban miezi miwili. Uliza Ushongo kama kuna kiota kinachokaribia kuanguliwa.

Saadani, iliyopata hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, ipewe siku nzima na gari lenye uwezo wa kupita njia mbovu. Ukiingia kwa upande wa Mkwaja, utapita mbuga ambazo hadi mwaka 2000 zilikuwa ranchi ya ng'ombe na sasa zina twiga, kongoni na kuro; viboko na mamba watafute kusini, katika Mto Wami. Panga malipo ya kiingilio mapema kwa njia ya kielektroniki, na mwambie dereva ahesabu mwendo wa kurudi ili muwe nje ya lango kabla ya saa 12 jioni.