Jinsi ya kuzuru Hell's Gate kwa baiskeli na kushuka korongo la Njorowa kwa miguu

Watu wakitaka kwenda Hell's Gate, ile mbuga ya taifa iliyo karibu na Naivasha, Kenya, swali la kwanza huwa ni baiskeli inakodishwa pesa ngapi. Mimi hupeleka vikundi huko na kila mara nawaambia tuanze na mvua, mengine yote yatafuata.

Hatua ya 1: Chunguza mvua kabla hujafunga begi

Lile korongo lilichimbwa na maji. Maelfu ya miaka iliyopita ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko tunavyolijua sasa, likafurika kuelekea kusini na kupita hapo kati ya miamba, likakata kuta unazoziona leo. Ziwa lilirudi nyuma lakini njia ya maji ilibaki, kwa hivyo mvua ikinyesha kwenye vilima vya juu maji yote yanatafuta pale pale chini. Na haihitaji kunyesha mahali umesimama, wewe unaweza kuwa kwenye jua kali na mafuriko yako njiani. Aprili 2012 watu saba walikufa humo ndani, na 2019 wengine saba, na ile ya 2019 ilikuja mwanzo wa Septemba, mwezi ambao wengi wetu tunauhesabu ni wa kiangazi. Kwa hivyo usiniambie eti masika yameisha tuko sawa. Angalia utabiri wa eneo zima la Naivasha, uliza kama usiku uliopita kulinyesha, halafu ukifika getini uliza askari wa KWS, shirika la wanyamapori, kama korongo liko wazi siku hiyo. Wakisema limefungwa, limefungwa, usimtafute kijana wa kukupitisha kichochoro. Baiskeli peke yake bado inakupa siku nzuri sana.

Hatua ya 2: Toka mapema

Geti hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 90, ukipanda matatu ya alfajiri pale Nyamakima unafika Naivasha mjini bado baridi iko, halafu unachukua ile matatu ya kuelekea Kongoni inayozunguka ziwa kwa Moi South Lake Road, mwambie kondakta akushushe jankisheni ya Hell's Gate. Kutoka hapo hadi Elsa Gate ni kama kilomita mbili. Kiingilio kinalipwa kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, hawachukui keshi, kwa hivyo hakikisha simu ina chaji na M-Pesa ina kitu.

Beba maji ya kutosha, angalau lita mbili kila mtu, manake huko ndani usitegemee duka. Raba zenye meno chini, kofia, kitambaa cha kufunga mdomo juu ya vumbi, na chakula kiwe ndani ya begi lenye zipu. Sababu ya zipu nitakwambia.

Hatua ya 3: Chagua baiskeli kama mtu anayenunua

Baiskeli zinakodishwa jankisheni na pia karibu na geti. Patana bei ya siku nzima, sio ya saa, ili usikimbizwe na saa ukiwa ndani. Halafu usichukue ile ya kwanza unayoletewa. Finya breki ya mbele uisukume baiskeli, tairi likiendelea kuzunguka irudishe. Fanya vile vile na breki ya nyuma. Inua tairi la nyuma, zungusha pedeli kwa mkono ukibadilisha gia moja moja, sikiliza cheni, ikiruka hapo ukiwa umesimama basi kwenye kilima itaruka ukiwa umekanyaga kwa nguvu zote na utaanguka nayo. Kiti nacho: kalia, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke wote. Watu wengi huendesha kiti kikiwa chini sana halafu wanalia magoti, na ni kitu cha dakika moja tu, fundi ana spana hapo hapo.

Tairi usilijaze likawa gumu kabisa. Kuna sehemu ndani zina mchanga wa majivu ya volkano, laini, tairi gumu linazama na kuteleza. Omba pampu na tyubu ya ziada ama hata pachi, miiba ya mgunga haina huruma. Helmeti pia, wakiwa nayo.

Hatua ya 4: Endesha polepole, umeingia nyumbani kwa wenyewe

Ukipita Elsa Gate, dakika chache tu unauona mwamba wa Fischer umesimama peke yake, kama mita 25 kwenda juu. Ule ni uji wa mawe ya volkano ulioganda kwenye koo la mlima, halafu udongo laini uliouzunguka ukaliwa na mvua na upepo. Jina ni la yule Mjerumani Gustav Fischer aliyepita huku 1883, lakini Wamaasai wana habari yao, wanasema ni binti aliyekuwa anapelekwa kuolewa akaambiwa asigeuke nyuma, akageuka, akawa jiwe. Simama hapo hata kama hupandi, chini yake kuna pimbi wanaota jua kwenye mawe, na mara nyingi utakuta watu na kamba wanaupanda.

Baada ya hapo barabara ni ya vumbi, uwanda mpana umefungwa na magenge mekundu pande zote mbili, pundamilia, swala, ngiri, kongoni, na ukibahatika twiga na pofu. Hao wote hawana shida na baiskeli ukiwa kimya. Wa kuogopa ni nyati, hasa dume aliye peke yake. Ukimwona karibu na njia usipite kwa kasi ukidhani utamzidi mbio, simama mbali, shuka, ngojea, na gari likija omba likutangulie. Simba si wakazi wa hapo, ndiyo maana tunaruhusiwa kuendesha. Pikiniki ya katikati ya majani marefu pia hapana, kaa mahali unaona mbali.

Vichaka vya kijivu vilivyojaa kando ya njia ni leleshwa. Chuma jani moja tu uliponde kwa vidole, linanukia vizuri ajabu, Wamaasai huliweka kwapani kama manukato, na mimi sijawahi kupita bila kufanya hivyo.

Kutoka getini hadi kituo cha askari kwenye mdomo wa korongo ni kama kilomita nane. Usikimbie. Miguu ile ile ndiyo utashukia nayo.

Hatua ya 5: Funga baiskeli, chukua kiongozi

Pale kituoni kuna mahali pa kuacha baiskeli, na kuna nyani na tumbili wanaojua sauti ya karatasi ya biskuti. Zipu ni ya hiyo.

Chukua kiongozi wa pale, wengi ni vijana wa Kimaasai waliokulia karibu. Hii pesa usiipunguze. Korongo lina matawi na ukifika chini kuta zote zinafanana, yeye anajua kila pembe na anajua maji hutokea wapi. Kabla hamjashuka mwambie akueleze njia za dharura za kupandia juu ziko wapi, na mkizipita akuonyeshe moja moja. Watu wanaona aibu kuuliza. Uliza.

Hatua ya 6: Kushuka

Mteremko wa kwanza ni mkali. Geuka uso uangalie ukuta, tafuta vishimo vya kuweka mguu, shika kwa mikono miwili, hiyo simu iweke mfukoni, na uhakikishe vitu vitatu kati ya mikono na miguu viko kwenye mwamba kabla hujasogeza cha nne. Jiwe likiwa na maji ama uteute usilikanyage katikati, kanyaga penye mkwaruzo.

Chini kuna sehemu unanyoosha mikono na kugusa kuta zote mbili, na zimesuguliwa na maji hadi zikawa na mistari ya mawimbi. Hapo angalia juu. Utaona vijiti na majani makavu yamekwama kwenye ufa, juu kuliko kichwa chako. Hicho ndicho kimo cha maji yalipopita mara ya mwisho. Mimi huwasimamisha watu wote hapo waone kwa macho yao, manake inafundisha kuliko maneno yangu.

Mbele kidogo maji moto yanachuruzika kutoka ukutani. Ni moto kweli, wa kuunguza, mvuke ule ule unaowasha mitambo ya Olkaria inayotoa umeme tangu 1981, kwa hivyo usiweke mkono kabla kiongozi hajakwambia ni upande gani uko sawa. Watoto washikwe mkono.

Maji ya chini yakianza kubadilika rangi kuwa kahawia, ama ukisikia mngurumo usioelewa, ama kiongozi akisema tutoke, hakuna picha ya mwisho. Mnapanda juu kwa njia ya karibu, hamrudi mlikotoka kufuata begi.

Hatua ya 7: Kurudi

Lenga kutoka korongoni kabla ya saa nane mchana, mvua za Naivasha hupenda alasiri. Kula, pumzika kivulini, kunywa maji. Mwenye miguu bado anaweza kuzunguka njia ya nyati, Buffalo Circuit, ni ya vilima na inakupeleka juu unauona mlima Longonot vizuri, lakini asiende peke yake. Wengine warudi kwa njia waliyokuja nayo. Upande wa Olkaria ni mzuri kuona mabomba ya mvuke yanavyopinda pinda, ila malori ni mengi, kaa kushoto kabisa.

Baiskeli irudishwe kabla ya saa kumi na moja, matatu za kurudi mjini jioni hujaa na saa kumi na mbili geti linafungwa.